Mia ya Uttam Siku ya Kura

Pune, 3 Machi 1996

Shangazi Shevanta,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la Pune limeanza kabla ya wakati wake, na chumba tunacholala vijana wanne hakina dirisha la maana. Goti lako vipi? Na yule nyati, amekubali kukamuliwa na mkono mwingine, au bado anampiga teke kila asiyekuwa wewe? Juzi niliota mkate wako wa mtama na chatini ya vitunguu saumu, nikaamka na njaa ya mtu aliyetoka hospitali.

Kazini bado sina uhakika. Asubuhi nabeba mafaili pale benki ya ushirika, mchana naingia uwanjani na timu ya benki. Kibarua ni kibarua. Meneja anasema nafasi ya kudumu ipo, lakini neno la mwisho ni la Bhausaheb. Benki ni yake, kiwanda cha sukari ni chake, na nadhani hata mvua ya huko kwetu inapitia kwake kuomba ruhusa.

Sasa nisikilize. Popatrao, yule mtu wa Bhausaheb wa kutumwa huku na huku, alikuja mazoezini akanivuta pembeni. Bhausaheb anaandaa mashindano ya kriketi ya vijiji vyote vya bonde letu. Yataitwa Kombe la Akkasaheb, jina la marehemu mama yake. Wanataka niwe nahodha wa Karanjkhed. Shangazi, kijiji chetu kimekuwa kikifungwa na kila mtu tangu nizaliwe, na sasa nina timu yangu. Popatrao alinipiga bega akasema, "Wewe cheza vizuri, Uttam, mengine tuachie sisi." Mengine ni kazi ya kudumu, hilo halihitaji kufafanuliwa.

Nikiipata, jambo la kwanza nakuleta Pune kwa daktari wa goti. Tangu baba na mama wafariki umekuwa ukinibeba, sasa na mimi nibebe kidogo.

Mwanao,
Uttam


Karanjkhed, 17 Machi 1996

Uttam mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, halinisikilizi na mimi silisikilizi. Nyati alimpiga jirani yetu Nivrutti teke la paja, mwanamume mzima akaona haya hata kuchechemea mbele za watu.

Tangu India itolewe na Sri Lanka kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, wanaume wa hapa wanatembea kama wajane. Televisheni ya ofisi ya kijiji wameigeuza ikatazama ukuta, eti adhabu. Kwa akina Nivrutti hakukuwashwa jiko siku nzima. Mimi nilipika nikala nikashiba, wakaniita msaliti wa taifa. Nikawaambia taifa likitaka nilale njaa lije lenyewe liniambie.

Habari kubwa ni hii: Guruji anagombea ubunge. Ndiyo, Thombre Guruji wetu, mwalimu wa darasa la jioni, aliyenifundisha kusoma na kuandika nikiwa tayari na mvi. Bila yeye barua hii ingeandikwa na mtu mwingine, na ungenikuta mpole zaidi. Hana chama. Alama yake kwenye karatasi ya kura ni ngazi. Neno lake ni moja tu, bwawa. Bhausaheb akirudi bungeni, bwawa litajengwa kama lilivyochorwa na Karanjkhed itazama, sisi na vijiji jirani. Ardhi wanayotupa badala yake umeiona mwenyewe, mawe matupu, hata mbuzi anaipita bila kugeuka. Guruji anataka ukuta usogezwe upande wa juu wa mto, basi.

Mimi ni wakala wake kwenye kituo cha kura cha shuleni. Usicheke. Kazi yangu ni kukaa mezani tangu mlango ufunguliwe mpaka ufungwe, kumtazama usoni kila anayeingia, na akija mtu anajiita fulani na siye, niseme hapana, huyu siye. Nani anazijua nyuso za hapa kunishinda? Nusu yao niliwapokea mimi siku ya kuzaliwa.

Kuhusu kombe lako, maofisa wa uchaguzi wamepita na gundi wakabandika magazeti juu ya mabango yote yenye jina la Bhausaheb. Wakati wa kampeni hairuhusiwi. Jina la mama yake wameliacha, maana marehemu hagombei. Popatrao simpendi, anacheka kabla hujasema kitu. Lakini wewe cheza. Mwanangu akishika gongo la kriketi sitakaa nyumbani.

Shangazi yako,
Shevanta


Pune, 9 Aprili 1996

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Nilipita nyumbani Jumapili baada ya nusu fainali nikakuta umekwenda na Guruji kwenye mikutano. Nilikula pitla yako ya unga wa dengu iliyokuwa jikoni, usimlaumu paka.

Umesikia tulivyowafanya? Karanjkhed iko fainali. Nivrutti alidaka mpira mmoja kwa mikono miwili na tumbo, mpaka leo haamini. Wazee waliniwekea shada la maua shingoni. Mzee wa hekalu, ambaye hajawahi kuniitikia salamu, aliniuliza kama nimekula.

Tarehe ya fainali imetoka. Itachezwa kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari, ng'ambo ya mto. Ni siku ileile ya kura. Popatrao anasema uwanja haupatikani siku nyingine kwa sababu ya malori ya miwa, na kwamba siku ya kura ni mapumziko kwa hiyo kila mtu atapata nafasi ya kuja. Malori yatafika vijijini asubuhi kuchukua watu bure, na kutakuwa na chakula. Nadhani watu watapiga kura kwanza ndipo wapande. Au watapiga wakirudi. Siku ni ndefu.

Meneja amenipa viatu vipya vya misumari. Joto limezidi, kunywa maji.

Uttam


Karanjkhed, 16 Aprili 1996

Uttam,

Marahaba. Sote wazima. Leo sina salamu nyingi.

Usijitie hamnazo. Wewe ni mtoto wa hapa. Unajua kwamba asubuhi watu wa hapa wako kwenye maji, mifugo na vitunguu, na kura wanapiga baada ya chakula cha mchana wakishavaa vizuri. Hata wanawake hawatoki kabla ya kuosha vyombo. Lori likija asubuhi watapanda wakisema kura tutapiga tukirudi. Kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni. Malori yale ni ya nani? Dereva akisema gari limeharibika, watarudi kwa kuogelea?

Mwambie Popatrao asogeze fainali siku moja tu. Kesho yake. Nahodha akikataa hakuna fainali, na nahodha ni wewe. Wewe ukisema huchezi, Karanjkhed nzima inabaki hapa. Ni neno moja, mwanangu.

Simu ya ofisi ya kijiji usipige, kila mtu anasikiliza. Niandikie.

Shangazi yako


Pune, 14 Mei 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Hapa mawingu yanapita tu bila kushuka. Nimesikia kwenu pia bado. Goti linasemaje?

Nina habari njema. Nimepata kazi ya kudumu. Nina meza yangu karibu na dirisha, na chumba kipya chenye feni, peke yangu. Mwenye nyumba ni mjane kutoka Satara, mkali kama wewe, anakagua kama nimezima taa. Nimemuuliza daktari wa goti, anasema uje tu wakati wowote. Nakutumia sari ya pamba kwa mkono wa kondakta, rangi ya mbegu ya ubuyu, kwa sababu ile yako ya kijani umeivaa mpaka imechoka.

Ile barua yako ya Aprili niliipata. Ilichelewa kidogo.

Nimesikia matokeo redioni. Mfikishie Guruji pole yangu. Alijitahidi sana kwa mtu asiye na chama.

Samahani kwa kuondoka siku ile bila kukuaga. Gari la benki lilikuwa linaondoka mara baada ya kombe kukabidhiwa, na wenzangu walikuwa wananisubiri.

Uttam


Karanjkhed, 22 Mei 1996

Uttam mwanangu,

Marahaba. Sari imefika. Ni nzuri. Nimeiweka sandukuni, sijapata pa kuivaa.

Hongera kwa kazi. Nasema kwa moyo, usidhani nasema kwa kejeli. Nilikaa siku mbili najiuliza kama naweza kusema hongera, nikaona naweza.

Umesema Guruji alijitahidi. Ngoja nikwambie alivyojitahidi. Ameshindwa kwa kura chache kuliko watu walioketi siku ile kwenye nyasi za kiwanda wakikupigia makofi. Malori yalirudi hapa kituo kikikaribia kufungwa. Watu wakaruka chini wakakimbilia shuleni, wengine peku, viatu mkononi. Waliowahi kuingia waliambiwa wameshapiga kura. Majina yao yalikuwa tayari yana alama. Mke wa Nivrutti alimwonyesha ofisa kidole kisicho na wino, ofisa akamwambia mama nenda nyumbani, usilete fujo. Mzee Baburao alikaa chini kwenye ngazi za shule akalia mbele za watu. Wageni walikuja wakati kijiji kitupu wakapiga kura za watu wetu. Mambo ya mezani usiniulize, nayaona kila nikifumba macho.

Guruji anakwenda mahakama kuu kupinga matokeo. Wakili anasema kuna siku arobaini na tano tangu mshindi atangazwe, baada ya hapo mlango umefungwa. Wapo wengi wa kusema lori lilichelewa. Wakili anasema hiyo haitoshi, malori huchelewa. Anataka mtu aliyesikia kwa masikio yake kwamba ilipangwa. Mtu huyo ni wewe. Popatrao alikuwa akiingia uwanjani na chupa za maji akizungumza na wewe, watu wote waliona. Alikuambia nini?

Ule kiapo mbele ya wakili huko Pune, uandike ulichoambiwa, utume. Najua kazi itapotea. Najua ninachokuomba. Mvua ikikaa vizuri tutalima pamoja, kama bado kutakuwa na shamba.

Shangazi yako,
Shevanta


Pune, 8 Juni 1996

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliipata kitambo, nikawa nataka kujibu vizuri ndiyo maana nimechelewa. Ligi imeanza. Tumecheza mechi mbili, moja tumeshinda, moja mvua. Mwenye nyumba amepata mjukuu, ametugawia vitamu vya maziwa mpaka meno yanauma.

Kuhusu lile jambo. Mimi ni mchezaji, shangazi. Nilipewa gongo nikapiga. Watu wanaongea mengi uwanjani, nani anakumbuka nani alisema nini? Popatrao aliniletea maji kwa sababu kulikuwa na joto. Nikienda mahakamani wakili wao atanivua nguo mbele ya watu, atasema huyu alikula kazi yetu sasa anatutemea mate. Na atakuwa hakukosea.

Halafu nimefikiri jambo. Wewe ulikuwa wakala. Ulikaa pale tangu asubuhi, uliwaona hao wageni kwa macho. Shahidi gani anakuzidi wewe? Nenda wewe useme, Guruji hatanihitaji mimi.

Usinikasirikie. Daktari wa goti bado anakusubiri.

Uttam


Karanjkhed, 12 Juni 1996

Uttam,

Mvua imeanza. Paa linavuja upande wa jiko.

Siku zinakwisha. Wakili anafunga majalada Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Guruji haniulizi tena kama umejibu. Anaingia, anakunywa chai, anazungumza habari za mvua, anaondoka. Ningependa angeniuliza.

Usinifundishe kazi ya shahidi. Nimekuuliza neno moja na hukulijibu. Popatrao alikuambia nini?

Shevanta


Pune, 17 Juni 1996

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Hii sitaichana.

Barua yako ya Aprili haikuchelewa. Niliipata siku nyingi kabla ya fainali. Nilikwenda nayo mfukoni kwa Popatrao, nikamwambia, "Sogezeni siku moja tu, watu wangu wapige kura." Alicheka, unajua kicheko chake. Akasema, "Uttam, kuna vijana kumi wa benki wanaotaka ile meza ya dirishani. Wewe unaitaka au huitaki?" Nikasema naitaka. Hakuhitaji kuniambia zaidi, na mimi sikuhitaji kuuliza. Nilijua, shangazi. Nilijua tangu siku ile.

Lakini bado nilijiambia nitafanya ujanja. Nilisema nitaupiga mchezo uishe mapema, watu wapande malori, wafike. Wapinzani walianza kupiga wakapata mikimbio ya wastani, sisi tuipite tu mchezo uishe. Nikaingia mimi. Siku ile mpira nilikuwa nauona mkubwa kama tikitimaji. Nilipiga kila kitu, mchezo ulikuwa uishe kabla jua halijaanza kushuka. Hapo ndipo Popatrao alipoingia na chupa ya maji wakati wa mapumziko. Alinifungulia kifuniko mwenyewe. Akasema, "Unakimbilia wapi? Watu wamekuja kustarehe. Kaa hapo mpaka nikuvulie kofia." Kisha akanipangusa jasho kwa kitambaa chake, mbele ya watu wote, kama baba.

Nikakaa. Nilifika mikimbio tisini na kitu nikasimama. Ova moja ya mipira sita ikapita, nyingine ikapita, nazuia tu mpira, mipira ambayo hata Nivrutti angeipeleka nje ya uwanja. Watu walidhani naogopa kukaribia mia. Walinionea huruma. Walikuwa wanaimba jina langu kunitia moyo, wazee wamesimama, hakuna aliyetaka kuondoka kabla sijafika. Kila nilipouzuia mpira nilikuwa nawafungia mlango wa kituo, na wao wananipigia makofi. Niliangalia kivuli cha kibao cha matokeo kikirefuka kwenye nyasi. Halafu Popatrao akavua kofia, nikapiga mpira mmoja, nikapata mia yangu. Nikanyanyua gongo. Shangazi, nilitabasamu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Ndiyo maana sikuja kukuaga. Nisingeweza kukutazama. Kijiji kizima kilikwenda kunitazama mimi, na wewe peke yako ukabaki mezani kwa ajili ya Guruji. Nimefikiri sana jinsi hao wageni walivyokuja. Mwanamke mmoja na goti bovu mbele ya genge, ungefanya nini? Walikuzidi nguvu, najua, na kwa heshima yako hutaki kulisema. Katika familia yetu angalau mmoja alikaa pale alipopaswa kukaa. Nikijiona sifai kitu, nalishika hilo.

Leo asubuhi nimekula kiapo kwa wakili karibu na mahakama ya hapa. Nimesema yote, pamoja na kicheko. Nimemwachia meneja barua ya kuacha kazi kabla hajasikia kwa wengine. Kwa hati hii siiamini posta, nakuja nayo mwenyewe. Nitashuka Ijumaa tarehe ishirini na moja, basi la mchana.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuomba nikifika.

Uttam


Karanjkhed, 19 Juni 1996

Uttam mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo na ninaijibu leo. Nampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, namlipa aipeleke mpaka mlangoni kwako, ikufikie kabla hujapanda gari. Nataka uisome ukiwa peke yako, usinione uso.

Nimeisoma mara moja mpaka pale uliposema mmoja alikaa alipopaswa kukaa. Hapo niliikunja nikaenda kumkamua nyati, nikarudi nikaikunjua.

Sikukaa, Uttam.

Nilikaa mpaka mchana. Kituo kilikuwa kitupu, nzi na sisi. Ofisa anasinzia. Upepo ulikuwa unaleta kipaza sauti cha kiwandani kupitia mtoni, na kila mara nasikia jina lako. Uttam Dhumal, nne. Uttam Dhumal, sita. Mimi niliyekukatia kitovu nimekaa na karatasi ya majina mbele yangu, naandika vistari pembeni kila unapopiga. Nikajiambia hakuna mtu wa kuja kupiga kura saa hizi, watu wote wako kule. Nivrutti akaja na pikipiki kuchukua kofia yake, akasema, "Shevantabai, mwanao anakaribia mia, na wewe umekaa hapa unalinda viti?" Nikamwambia ofisa nakwenda chooni. Nikapanda pikipiki, mjane mzima, nikamshika Nivrutti kiunoni, hata goti sikulisikia.

Nilisema niione mia yako tu nirudi. Nilisimama nyuma ya trekta ili usinione ukaniuliza mbona nimeacha kazi. Mia yako ilichelewa. Nilikuwa nikisema mpira huu tu, mpira ujao tu. Nilidhani unaogopa. Niliomba miungu yote ninayoijua ikuondolee hofu. Uliponyanyua gongo nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, na nililia kwa furaha, na wewe unasema ulitabasamu. Basi tulikuwa wawili.

Niliporudi mlango ulikuwa bado wazi. Ofisa hakunitazama. Nilivuta orodha ya ofisa mbele yangu nikaanza kuona alama. Mke wa Nivrutti, alama. Mzee Baburao, alama. Mtaa mzima wa wafinyanzi, alama. Nikashuka na kidole mpaka kwenye jina langu, maana na mimi nilikuwa sijapiga, nilikuwa nimejiwekea ya mwisho kama mwenyeji anavyokula mwisho. Na langu lilikuwa na alama. Mwanamke mmoja aliingia pale akasema yeye ni Shevanta Dhumal, wakampa karatasi, na hapakuwa na mtu mezani wa kusema siye.

Hakuna aliyenizidi nguvu. Watu walidhania hivyo wenyewe, wakaanza kunipa pole, nikazipokea. Guruji mwenyewe alinishika kichwa akasema pole binti yangu, wamekutesa, na mimi nikainamisha kichwa. Kidole nilikifunga kitambaa kwa wiki mbili, kisionekane hakina wino, nikasema nimejikata na kisu cha vitunguu. Nivrutti anajua, na amenyamaza kwa kuwa yeye ndiye aliyenibeba. Na muda wote huo nakukalia kooni wewe, sema ukweli, sema ukweli, niliona ukisema wewe pengine haitanilazimu kusema mimi.

Wakili anasema wakala akikubali kwamba aliacha meza, upande wao watashangilia, watasema wenyewe walizembea. Anasema hivyo kuhusu mawakala kwa jumla, hajui habari zangu. Lakini nisiposema, watamleta yule ofisa, naye atasema mbele ya jaji kwamba sikuwepo, na kiapo chako wewe kitaonekana uongo wa familia moja. Kwa hiyo lazima niseme kwanza. Nimeshaandika, hata kabla barua yako haijafika. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono ambao Guruji ndiye aliyeushika kuufundisha herufi, na sijui nitampa vipi.

Jana nilikwenda mpaka mlangoni kwake na karatasi chini ya sari. Alikuwa anatengeneza mwavuli. Akasema, "Ingia, Shevanta, unalowa." Nikasema nimekuja kuuliza kama ana chumvi. Akanipa chumvi.

Njoo Ijumaa. Nitakuwa kituo cha basi. Ukishuka usiiname kunigusa miguu kwa heshima kama unavyofanya siku zote, sitaweza kusimama. Nishike mkono tu, twende moja kwa moja kwa Guruji, wewe na yako, mimi na yangu. Ukiingia wewe kwanza nitakufuata. Peke yangu nimeshindwa.

Shangazi yako,
Shevanta